Diski Badala ya Mkanda wa Dhahabu

Siku wazazi wa Zuhair walipokuja kuzungumzia zawadi za harusi, mama yake aliuliza kwa upole Wisal angependa mkanda wa dhahabu wa uzito gani, ule wa kufungwa kiunoni usiku wenyewe. Wisal alikuwa ameshika sinia ya chai. Akaiweka mezani, akajipangusa mikono kwenye kaftani mpya, akasema hataki mkanda. Anataka laptopu.

"Si ya kununua ikiwa kwenye boksi," akaongeza, maana aliona hawajamwelewa. "Ya kuundwa. Kipande kwa kipande, kwa ajili yangu."

Mama yake Wisal, aliyeitwa Lalla Batul, yaani Bibi Batul, aliinamia sahani ya biskuti za lozi na hakuinua uso mpaka wageni walipoaga. Zuhair naye alicheka. Hakucheka kwa kejeli, alicheka kama mtu aliyeambiwa ameshinda bahati nasibu, mpaka baba yake akampiga kiwiko. Kicheko kile ndicho kilichomtia Wisal uhakika kwamba hakukosea kuchagua mume.

Wisal alikuwa mpiga video za harusi upande wa wanawake, na Casablanca ilikuwa imeshaanza kumjua. Shida ilikuwa mashine. Laptopu yake ya zamani ilipata moto mpaka paka wa jirani akaizoea, akawa anakuja kuilalia, na kila alipounganisha vipande vya harusi ndefu iliganda bibi harusi akiwa mdomo wazi. Kisha mwaka uliopita diski yake ilikufa ghafla, ikafa na sehemu nzima ya amaria, pale bibi harusi anapokalishwa kwenye kiti cha heshima na kubebwa mabegani akizungushwa ukumbini. Wisal alilia siku nzima, halafu akajikaza akaenda kumwomba bibi harusi arudie. Bibi harusi wakati huo ana mimba kubwa. Wabebaji walinung'unika kila hatua, tumbo likafichwa kwa mashada ya maua, na mama mkwe alipiga vigelegele huku ameshikilia kiti kwa nyuma kisipinduke. Familia ile mpaka leo husema hakuna sehemu nzuri kama hiyo. Wisal naye akiikumbuka hucheka, lakini tangu siku hiyo hakuwahi kulala vizuri akijua harusi ya mtu iko ndani ya diski moja tu.

Basi Jumamosi moja fundi aliyepewa kazi ya kuiunda laptopu alipiga simu kwamba mashine iko tayari, zimebaki diski, aje achague mwenyewe. Wisal alivaa viatu viwili visivyofanana akashuka ngazi. Akarudi kuvibadilisha, akashuka tena, akamkuta Zuhair amempakia Lalla Batul kiti cha mbele cha gari.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Unakokwenda wewe," alisema Lalla Batul, ameshika mfuko wa plastiki wenye msemen za moto, zile chapati za kukunjwa. "Mkanda wa binti yangu umeyeyuka ukawa kompyuta. Angalau niione hiyo sura yake."

Soko la Derb Ghallef lilikuwa limefurika. Kwenye kila spika iliyokuwa ikijaribiwa kulikuwa na mwimbaji akilia mapenzi, kila mmoja kwa wimbo wake. Kibanda cha Fundi Mfedal kilikuwa katikati ya muuza makava ya simu na mzee wa mkokoteni wa supu ya konokono. Fundi mwenyewe, mwanamume mwembamba aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, alikuwa ametandika kitambaa cheusi juu ya meza, na juu ya kitambaa ndiyo laptopu, imelala kifudifudi, mgongo wazi.

Wisal aliinama kuitazama akasahau kusalimia. Feni mbili mpya, mabomba ya shaba yanayong'aa, vibao vya kumbukumbu vimepangwa kama meno. Na kando ya betri, nafasi mbili tupu.

"Hizo ndizo zako," alisema Fundi Mfedal. "Vingine vyote nimeamua mimi. Diski siamui. Diski ni stoo ya nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayejua ana magunia mangapi."

Akafungua droo akazitoa, moja baada ya nyingine, akizishika kwa ncha za vidole. Zilikuwa nyembamba kama vijiti vya chingamu. Nyingine ina karatasi ya bluu, nyingine nyeusi tii, nyingine imevishwa bamba la shaba la kupunguza joto. Wisal alihisi kicheko kinampanda kooni bila sababu yoyote. Alikuwa amesoma habari za diski hizi kwa miezi, kitandani, kwenye basi, hata chooni, na sasa ziko mbele yake kama halua kwenye sinia.

"Nazitaka zote," alisema.

"Nafasi ni mbili, binti yangu."

"Najua. Nilikuwa natamka tu nisikie inavyosikika."

Fundi akamweleza, na Zuhair akasogea kusikiliza. Angeweza kuweka diski moja kubwa sana yenye mbio na nafasi ya pili akaiacha kwa siku za mbele. Angeweza kuweka mbili za ukubwa mmoja, moja ikawa inanakili kila kitu cha mwenzake papo hapo, ili moja ikifa nyingine iendelee kama vile hakuna msiba. Au angeweka moja ndogo yenye mbio kali ya kufanyia kazi, na nyingine pana, ya polepole kidogo, ya kuhifadhia harusi zilizokwisha. Tena kuna zile za nje, alisema, za kuchomeka kwa waya, lakini hizo ni habari nyingine.

"Mimi ningechukua mapacha," alisema Zuhair. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika maabara ya mtaa wa Maârif. "Kila seti ya meno ninayomtengenezea mtu, kalibu yake inabaki kwangu. Mzee akiyaangusha chooni, simwiti tena kumpima."

"Umeanza tena habari za chooni mbele ya mama yangu."

"Ni mfano, mpenzi. Ndiyo maisha ya meno."

Wisal akaishika ile ya bamba la shaba, akaiweka kwenye nafasi yake bila kuifunga, aione tu inavyokaa. Akaitoa. Akaweka nyeusi. Akaitoa. Zuhair akamnong'oneza kwamba hata siku ya kujaribu kaftani za harusi hakumwona akijigeuzageuza hivi, naye akamjibu kwamba kaftani haina terabaiti. Wakacheka wote wawili wakashikana mabega, Fundi Mfedal akavuta droo yake karibu zisije zikamwagika.

Hapo ndipo walipogundua Lalla Batul hayupo.

Hawakumtafuta sana, alitokea mwenyewe, anatembea kama mtu aliyerudi na kombe. Mkononi ana kijiboksi cha rangi ya dhahabu.

"Nyinyi mnabishana habari ya nafasi mbili," alisema, "mimi nimekwenda chini kule nikanunua moja inayoshinda hizo zote. Ya nje, ya waya. Tera kumi na sita. Kijana alitaka kuniuzia kama mtalii, nikamshika kwenye bei mpaka akaita jina la mama yake." Akataja bei, na kwa kuwa wanawake wa umri wake huhesabu kwa riali, Zuhair alitazama juu kidogo akiigeuza kichwani kuwa dirham. Alipoipata, uso wake ukabadilika, akakohoa.

"Lalla," alisema taratibu, "hiyo ni bei ya viatu."

"Ndiyo maana nikakwambia nilimshika."

Fundi Mfedal alikipokea kile kijiboksi kwa mikono miwili, kwa heshima. Akakitoa kilichomo, akakipima uzito kiganjani. Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni. Hakusema diski ni mbaya. Alisema, "Tuijaribu, Lalla. Hata mimi zangu huwa nazijaribu."

"Ijaribuni. Mimi naogopa nini?"

Walihitaji mafaili makubwa ya kuimiminia, na Wisal hakukosa kitu kama hicho. Katika mkoba wake zilikuwamo kadi mbili za kamera kutoka harusi ya binamu yake, ya kwanza ya usiku wa hina, ya pili ya harusi yenyewe. Fundi akaichomeka diski ya dhahabu kwenye kompyuta yake kubwa ya kibandani, akaanza kunakili hina. Na kwa sababu kunakili kunachosha kutazama, akaifungulia video kwenye skrini, na sauti akaipeleka kwenye spika.

Ngoma za hina zikalia. Muuza makava ya simu akachungulia. Mzee wa konokono akaacha mwiko ndani ya sufuria. Wanawake wawili waliokuwa wakitafuta chaja wakasimama, kisha mmoja akaanza kupiga makofi kwa mpigo wake hasa, wa mashambani Chaouia, kama mtu asiyeweza kujizuia. Haikupita muda njia yote ikawa imeziba. Muuza makava alikuwa na ndoo tupu, akaigeuza akaipiga, na alijua kuipiga.

Kisha kamera ikageukia upande wa akina mama, na pale katikati ya duara, mikono juu, nywele zimefunguka, mabega yanatetemeka kama ungo unaopepeta unga, alikuwa Lalla Batul.

Wisal alikuwa amesahau kabisa. Akageuka kumtazama mama yake.

"Huyo si mimi," alisema Lalla Batul.

"Mama, hiyo kaftani nilikununulia mimi."

"Wapo wengi wenye kaftani hiyo."

Lakini watu walikuwa wameshalinganisha sura ya skrini na sura ya kibandani, na mmoja wa wale wanawake akapiga kigelegele kirefu kilichotoboa bati la soko. Lalla Batul akajaribu kukaza uso. Bega moja likamsaliti. Likatikisika kidogo tu, halafu la pili likalifuata, na kabla Wisal hajaamini macho yake mama yake alikuwa anacheza kwenye njia ya Derb Ghallef, mfuko wa msemen mkononi, sambamba na yeye mwenyewe wa kwenye skrini. Zuhair akaingia naye. Hakuwa anajua kucheza hata kidogo, alipiga miguu kama anayezima sigara. Wisal alicheka mpaka akalazimika kuketi juu ya boksi la printa.

Kadi ya kwanza ikaisha kunakiliwa. Ya pili nayo ikaisha. Skrini ikasema kila kitu kimeingia salama, nafasi imebaki tele.

"Si mnaona?" Lalla Batul alikuwa anahema. "Tera kumi na sita."

"Sasa tuifungue hina kutoka humohumo ndani ya diski," alisema Fundi Mfedal.

Akafungua. Jina la faili lilikuwepo. Ngoma zikalia kidogo, zikakatika. Picha ikapasuka vipande vya kijivu. Lalla Batul wa kwenye skrini akabaki mabega bila kichwa, kisha kichwa bila mabega, kisha skrini nzima ikawa nyeusi. Umati ukaguna kwa pamoja.

Fundi akaeleza bila haraka. Hiyo ilikuwa diski ndogo sana iliyofundishwa kujiita kubwa. Ikijaa haisemi imejaa, inaanza kuandika juu ya vya zamani, na majina inayaacha yalivyo ili mwenyewe asishtuke. Kadi za kamera ziko salama, hakuna kilichopotea. Lakini angehifadhi humo harusi za watu, angekuja kukuta majina matupu.

Wisal akamkumbuka yule bibi harusi wa mimba. Akamtazama mama yake akiogopa kumwona ameaibika. Lalla Batul alikuwa akiitazama skrini nyeusi, midomo ameibana.

"Amenifuta," alisema. "Mimi nacheza, yeye ananifuta."

Akakunja mikono ya jalaba, lile vazi lake refu. Akachomoa diski mwenyewe, akairudisha kwenye boksi lake la dhahabu, akashuka na njia. Na wale wote waliokuwa wakitazama hina wakamfuata, maana hakuna aliyetaka kukosa mwisho. Muuza makava alikwenda na ndoo yake. Wisal na Zuhair walikimbia nyuma wameshikana mikono, wanagongana na watu wanaomba radhi.

Kijana aliyeuza diski alimwona mama mtu mzima anakuja na umati nyuma yake kama msafara wa kumleta bibi harusi, mwanzo akatabasamu. Kisha akaliona boksi.

"Kijana wangu," alisema Lalla Batul, kwa sauti ya chini ya kutisha, "hii imenimeza. Nimeingia nikiwa mzima nimetoka bila kichwa. Watu wote hawa wameona."

"Tumeona," alisema mzee wa konokono.

"Alikuwa anacheza vizuri sana," alisema mwanamke wa chaja, kwa uchungu wa kweli.

Kijana akaapa kwamba naye alidanganywa na aliyemletea mzigo. Pengine ni kweli, alikuwa na uso wa kudanganyika. Akarudisha pesa yote bila kubisha, na Lalla Batul alipobaki amesimama tu pale, akamwongezea na kifuko cha kubebea laptopu. Lalla Batul akakikagua zipu, akampa msemen moja, akageuka.

Waliporudi kibandani alikuwa mtu mwingine. Alivuta kigoda akaketi kama hakimu mbele ya ile laptopu iliyo wazi.

"Haya," alimwambia Wisal. "Ulikuwa unataka zipi?"

"Nilikuwa nafikiria mapacha, mama. Zinanakiliana. Moja ikifa, nyingine ipo."

"Na zote mbili zinakaa humu ndani?"

"Humu ndani."

"Na mwizi akiibeba laptopu, atakuachia moja mezani?"

Wisal akaitazama laptopu. Zuhair akaanza kucheka kile kicheko chake cha bahati nasibu. Fundi Mfedal akasema huko ndiko alikotaka kufika, ila wateja wakishaona mapacha huwa hawamsikilizi tena.

Wakapanga upya, sasa wakiwa wanne, kila mmoja anamkatiza mwenzake. Nafasi ya kwanza akawekewa ile ya bamba la shaba, yenye mbio, ya kufanyia kazi. Nafasi ya pili ile pana nyeusi, ya kuwekea kila harusi siku hiyohiyo inapopigwa. Na ya tatu ya nje, ya kweli, kutoka droo ya Fundi, iliyojaribiwa mbele yao, ambayo ingekaa nyumbani kwa Lalla Batul, kabatini, chini ya kaftani zake. Kila Ijumaa, hata akishaolewa, Wisal angekuja kula kuskusi na kuijaza.

"Kila Ijumaa," alirudia Lalla Batul, na Wisal akatambua kwamba mama yake alikuwa ameshinda jambo fulani ambalo hawakuwa hata wamelibishania. Pesa aliyorudishiwa akaisukuma kwa Fundi. "Hii iliondoka nyumbani kwa ajili ya diski. Sitaki irudi ikinitazama."

Kufunga diski Wisal alitaka afanye kwa mkono wake. Fundi akampa bisibisi, Zuhair akashika taa. Alikuwa bado anacheka, skrubu ikaponyoka, na skrubu yenyewe ni ndogo kama punje ya ufuta. Wote wanne wakapiga magoti. Walitafuta chini ya meza, kwenye pindo za jalaba, ndani ya kiatu cha Zuhair. Mwishowe Fundi Mfedal aliuma msemen aliyokuwa amepewa, akasimama ghafla, akatoa skrubu kati ya meno yake, akaifuta kwa kitambaa, akamkabidhi Wisal.

Mashine iliwaka mara ya kwanza tu. Haikutoa sauti, hata feni hazikusikika. Wisal aliikodolea macho akiwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Tuiwekee kitu," alisema Fundi. "Diski mpya haipendezi kuondoka tupu."

Wisal alinyoosha mkono kuchukua kadi zake, Zuhair akamzuia. Akatoa mfukoni flashi ndogo. Masikio yake yalikuwa yamemwiva kwa haya.

"Nilitaka nikupe usiku wa harusi," alisema, "lakini siwezi kungoja, najijua."

Faili lilikuwa moja, fupi, alilolipiga kwa simu yake akiwa mlangoni. Harusi fulani, ukumbi fulani wenye mapazia ya zambarau. Na katikati yake, akitembea kinyumenyume na kamera begani, ulimi umetoka pembeni kwa umakini, alikuwa Wisal. Alirudi nyuma hatua, akarudi tena, akagonga meza, na mnara wa biskuti za lozi ukaporomoka mzima juu ya kichwa chake. Yule wa kwenye video hakushusha kamera. Aliendelea kupiga, biskuti kwenye nywele.

Wisal alikuwa amepiga video za mamia ya wanawake na hakuwa na hata moja ya kwake mwenyewe. Aliitazama mpaka mwisho. Aligeuka, akamshika Zuhair mkono, naye akaubana.

"Hii ni harusi ya lini?" aliuliza Lalla Batul.

Wisal na Zuhair wakatazamana.

"Nauliza kwa sababu mliniambia mlikutana maabara, kwa ajili ya jino langu."

"Jino lilikuja baadaye, mama," alisema Wisal kwa sauti ndogo.

"Baadaye kiasi gani?"

Zuhair akatazama dari la bati. Fundi Mfedal akapata ghafla kazi ya kupanga bisibisi zake. Lalla Batul aliwatazama wawili wale, mmoja baada ya mwingine, uso mkavu kabisa, halafu akasogeza kigoda karibu na skrini.

"Rudisha pale biskuti zinapoanguka," alisema.

Walipotoka, manyunyu yalikuwa yameanza, na Zuhair alikuwa ameegesha mbali. Wakasimamisha teksi nyekundu iwafikishe kwenye gari. Wisal aliketi nyuma amekumbatia laptopu ndani ya kifuko chake, kichwa begani kwa Zuhair, wote wawili bado wanatikisika kwa kicheko kilichokuwa kinakwisha na kuanza tena. Lalla Batul alikuwa mbele. Diski ya tatu alikuwa ameitia kifuani ndani ya jalaba na kukataa kabisa kumpa mtu.

Dereva alimtupia jicho.

"Umenunua simu, Lalla?"

"Simu?" Lalla Batul akajiweka sawa kitini. "Punguza hiyo redio, mwanangu. Wewe unajua kuitambua diski feki?"